Filimbi ya Nakijwa

Juzi, hapa nyumbani Same, mimi na Nakijwa, binti wa shangazi yangu, tulimwona kwenye televisheni mama wa Kiafrika anayeongoza michezo ya dunia. Wanaume wenye suti walisimama alipoingia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini moyo ulinichoma, na mchomo ule niliujua.

Utotoni, kule Vudee, mwalimu alimpa Nakijwa filimbi ya kuchezesha netiboli. Mfungaji wa mabao nilikuwa mimi, na niliamini filimbi hupewa mtoto anayependwa kuliko wote. Kila ilipolia, niliona inanicheka. Nikaiiba, nikaitupa ndivani, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Nilidhani likifunguliwa, maji yataibeba hadi Makanya, kule tambarare.

Sikujua kwamba kizito hubaki kwenye tope. Alasiri ya msaragambo, kijiji kizima kilipokuwa kikizoa tope la ndiva, jembe la baba liliigonga. Harufu ya tope ilichanganyika na ya makande yaliyochemka kwa ajili ya wafanyakazi. Nakijwa aliipangusa kwa kanga, akaipuliza mpaka ikalia.

"Kumbe niliiangusha huku," alisema.

Kwa Mungu nilitubu, tena mara nyingi. Kwa Nakijwa sikuwahi.

Juzi alimtazama yule mama wa kwenye televisheni kwa muda mrefu, kisha akanigeukia, mapengo yote nje kwa kicheko.

"Wewe, huyu mwachie filimbi yake."