Kombe la Ukuta

Fundi amefungua swichi kuukuu sebuleni kwangu, na harufu ya mpira ulioungua imenirudisha kwenye nyumba yetu ya Tibirinzi.

Waya za zamani zilivikwa mpira na kitambaa. Mpira ukizeeka hupasuka, na ukuta ukilowa, umeme hupita kwenye maji. Sisi tulijua tu kwamba ukuta wa ukumbini ulikuwa ukituuma.

"Una shetani huu," alisema bibi.

Shangazi alicheka. "Basi ana meno, Mama! Jana kaniuma kiwiko."

Bibi aliagiza kombe kwa shehe: aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa kwa maji. Shangazi alinisogeza nyuma. "Kaa huko, mwanangu, leo namtoa." Akaurashia ukuta wote, kisha akaupangusa kwa kiganja, miguu mitupu.

Hakupiga hata ukelele. Tulimzika alasiri.

Kesho yake fundi alikuja kubadilisha waya. Aliona michirizi ya manjano ukutani.

"Nani kaulowesha?"

"Mimi ndiye niliyeagiza," bibi alisema. "Maji yalikuwa na kosa?"

Fundi aliitazama tena michirizi, kisha akamgeukia bibi.

"Waya ulikuwa mzee, Bi Mkubwa," alisema, akaendelea kuung'oa.