Chumba Baridi cha Binti Yangu

Nyumba aliyoijenga binti yangu hapa Kitengela haina dirisha hata moja. Ilipokuwa ikipanda, majirani waliuliza kama ni ghala la mbolea. Fundi mmoja wa kanisani kwetu alinivuta kando baada ya ibada akaniuliza, kwa heshima zote, kama familia inajenga mochari. Nikamwambia ni kituo cha data. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, nami nikaitikia kwa changu, na hakuna kati yetu aliyejua zaidi ya hapo.

Ndani ni baridi kuliko asubuhi ya Julai. Makabati ya chuma yenye kimo cha mtu yamesimama kwa mistari minne, na kazi yake ni kukodishwa kwa wenye kompyuta zinazohitaji umeme usiokatika na hewa isiyo na vumbi. Mwaka huo wa kwanza waliokodisha walikuwa wawili tu, hospitali moja na chuo kimoja, na wote wawili walitosha kwenye kona. Makabati mengine yalikuwa matupu, lakini baridi haijui kabati lililo tupu na lililojaa. Nyumba za mtaani, na yangu ikiwemo, aliziuzia mtandao kutoka hapo hapo.

Kila Alhamisi, tukimaliza maombi ya akina mama, nilikuwa navaa sweta na kwenda huko na chupa ya chai. Nilipita mstari kwa mstari nikiweka mkono juu ya kila kabati na kuliombea.

"Mum, usiguse kabati za hospitali," binti yangu aliniambia.

"Za hospitali ziko na watu. Naombea hizi zingine."

Alikuwa ameacha kazi nzuri Nairobi na kujenga kwenye ploti aliyoachiwa na marehemu baba yake. Baada ya Krismasi alikuja jikoni kwangu, akachukua kisu, akaanza kunisaidia kumenya viazi. Nikajua ana neno. Binti huyu hapendi viazi na hapendi kumenya.

"Nikifika Pasaka bila kupata watu, nitazima," akasema.

"Utazima nini?"

"Kila kitu. Nirudi kuandikwa kazi."

Alinieleza kwamba makabati peke yake hayawezi kumleta mtu Kitengela, kwa sababu Nairobi kuna vyumba vikubwa kuliko chake. Kinachoweza kuwaleta ni kukutana. Huku kwetu ziko kampuni mbili kubwa za kuuza mtandao, moja imeshika mitaa ya Kitengela, nyingine imeshika Kisaju kuelekea Kajiado. Kila moja ina nyaya zake, na nyaya hizo hazikutani mahali popote hapa.

"Ukimtumia jirani video ya mahubiri na yeye yuko kwa kampuni ingine, inaenda Nairobi kwanza, ndio irudi."

"Kwa jirani yupi?"

"Huyu wa nyuma ya ukuta."

"Si ningempelekea kwa miguu."

"Ungefika kabla ya hiyo video."

Kampuni hizo zikikubali kuleta nyaya zao ndani ya chumba chake, yeye ataziunganisha kwa kipande kifupi cha waya kutoka kabati hadi kabati, na atakodisha kile kipande kama anavyokodisha kabati. Na zikishakutana hapo, wengine watafuata wenyewe: sako za akiba na mikopo, shule, zahanati, kila mtu anayetaka kuwa karibu na mitandao yote kwa pamoja. Hakuna mtu anayejenga hoteli katikati ya barabara tupu. Hujengwa njia panda. Hilo nililielewa bila kufundishwa, maana nimeiona Kitengela ikikua.

Shida ilikuwa kwamba kila aliyeulizwa alijibu kwa kuuliza: "Nani mwingine yuko?" Wa kwanza alimngoja wa pili, wa pili akamngoja wa kwanza, na Pasaka ikawa inakuja.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikotoka, na hapa nilipoishi miaka yangu mingi, nyumba mbili zisizosemezana huitwa zikala pamoja. Nikamwomba binti yangu nambari za wakubwa wa kampuni zote mbili, nikawakaribisha kwangu Jumamosi. Alidhani nimewaambia kwamba wanakuja wote. Sikuwa nimewaambia. Nilinunua mbuzi kwa jirani yangu Mmaasai, nikapika pilau na mukimo wa viazi na mahindi, nikatandika vitambaa vya meza vya siku ya harusi yangu.

Wa kwanza alikuwa bwana mnene mwenye koti, mkubwa wa kampuni ya Kitengela. Wa pili alikuwa mama kijana mwenye simu mbili, wa kampuni ya Kisaju. Alipoingia na kumkuta yule bwana kitini, alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Mimi nikadhani ni haya. Nikaombea chakula, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa, niliombea pia umoja wa mitandao hii miwili iliyo mezani pako, Bwana. Amina ya yule bwana ilichelewa.

Wakala. Baadaye yule mama akaweka kijiko chini.

"Mum, chakula ni kitamu sana. Lakini sisi hatuwezi kuongea biashara mbele ya huyu."

"Hata mimi sikujua nimekuja kuposwa," akasema yule bwana, na wote wakacheka kidogo. Kisha akamgeukia binti yangu. "Hizi nyumba za huku nyuma, dada, nani anaziuzia mtandao?"

"Mimi."

"Basi nikileta waya wangu kwa chumba chako, wewe ndiye utajua kabla ya kila mtu nikiharibikiwa. Utajua wateja wangu wamekaa gizani tangu saa ngapi. Na kesho uko kwa mlango wao."

"Siwezi kufanya hivyo."

"Najua huwezi. Lakini uko na njia."

Yule mama wa simu mbili alikuwa akimtazama binti yangu kwa namna ya mtu ambaye swali lake limeulizwa na mwingine. Walinishukuru, wakaondoka kila mmoja kwa wakati wake. Binti yangu aliosha vyombo vyote. Mwishoni akakausha mikono na kuniambia, "Siku ingine niulize kwanza, Mum." Nikamwomba msamaha, naye akanisamehe.

Swali la yule bwana lilinirudisha nyuma. Tulipohamia Kisaju, mume wangu akiwa mwalimu, hatukuwa na mfugo hata mmoja. Jamii ilikuwa na kisima cha pampu, na wazee wa Kimaasai walikuja wakanikabidhi ufunguo wa nyumba ya pampu. Mimi ndiye niliyefungua asubuhi, na mimi ndiye niliyesema mifugo ya nani inatangulia kwenye hori. Niliamini wamenichagua kwa sababu ya wokovu wangu. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda juu ya ufunguo huo, Mungu anisamehe.

Kisha mume wangu akanunua mitamba wawili. Wiki hiyo hiyo mzee mmoja akaja kwetu. "Supai, yeyo," akanisalimia, maana Wamaasai humwita hivyo mama mtu mzima. "Epa," nikaitika. Akanywa chai, akauliza watoto, akauliza mvua, akasifu mitamba wale sana. Halafu akasema amekuja kuchukua ufunguo.

"Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu. Sasa una ng'ombe." Akanyanyua kikombe, akakuta ni kitupu, akakiweka chini. "Ng'ombe wako wakiwa na kiu, yeyo, utatangulia kumfungulia nani?"

Tulibaki na mitamba, na ufunguo ukapewa mjane asiyekuwa na hata kuku. Niliumia kwa muda mrefu kabla sijakiri kwamba mzee yule alikuwa sawa.

Hadithi hiyo nilimwambia binti yangu tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya chumba chake. Alinielewa kabla sijamaliza, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Unataka niwaachilie wateja wangu."

"Sijasema hivyo. Nimekuambia tu habari za ufunguo."

"Mum."

Wateja hao aliwatafuta mmoja mmoja. Alipanda nguzo mwenyewe, na mkono wake wa kushoto bado una alama ya waya. Tena hao ndio waliokuwa wakilipia baridi ya makabati matupu. Akiwaachilia na kampuni zisije, chumba hakingefika Pasaka, kingekufa kabla, na neno lililokiua lingekuwa limetoka kinywani mwangu. Nilitamani kulirudisha. Alifikiri siku tatu, kisha akawaona wale wakubwa wawili, kila mmoja peke yake safari hii, akawaambia anaacha kuuza mtandao majumbani na yuko tayari kuliandika hilo kwenye mkataba. Wateja wake akawaachia wachague wenyewe waende wapi.

Bwana mnene alisema, "Tutaona." Mama wa simu mbili alisema, "Yeye akija, nakuja."

Kwaresima hiyo maombi yangu yalifupika. Mimi ni mtu wa kuomba kwa maneno mengi, nimefundishwa hivyo na nimewafundisha wengine. Lakini kila nilipofumba macho lilikuja neno moja tu: wawili. Bwana, wawili. Kwa maana mmoja peke yake katika chumba kile hana wa kukutana naye.

Wiki moja kabla ya Jumapili ya Mitende, mama wa simu mbili alivunja neno lake akaja wa kwanza. Waya wake ukaingizwa, taa yake ikawaka, ikakaa pale peke yake. Siku zikapita. Mvua ikaanza. Jumatano ya wiki takatifu mafundi wa yule bwana wakafika, wakachimba mtaro kutoka barabarani, wakagonga mwamba hatua chache kutoka ukutani, wakapakia vifaa wakaenda. Nilitazama ule mtaro ukijaa maji hadi jioni. Sikumwambia binti yangu kwamba nimekaa pale, naye hakuniambia kwamba alikuwa ananiona.

Alhamisi walirudi na nyundo kubwa.

Kipande chenyewe cha kuunganisha kilikuwa cha manjano, chembamba kama kamba ya kiatu. Binti yangu alikichomeka kwenye kabati la kwanza, akatembea nacho hatua sita, akakichomeka kwenye lingine. Nilingoja kitu kitokee. Taa moja ikawaka kijani, basi. Simu yake ikalia. Alikuwa yule bwana mnene.

"Dada, naona huyu jirani yangu sasa."

"Unamwonaje?"

"Karibu sana. Mpe salamu."

Binti yangu alikata simu, akakaa sakafuni kwenye baridi ile, akaweka kichwa juu ya magoti. Nikakaa karibu naye. Nilimshukuru Mungu, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu makabati mengi bado ni matupu. Sako moja wameomba kuja kukiangalia chumba, na binti yangu sasa anahesabu hadi Pasaka ijayo.

Lakini nyumbani kwangu mtandao ulikuwa umekatika, kwa kuwa nilikuwa nikitumia wa binti yangu, naye alikwisha kuuzima. Ikabidi aniombee mwingine kama mteja yeyote. Alipiga nambari ya huduma ya kampuni ya yule mama, akasikiliza muziki wao muda mrefu, akaeleza mtaa na rangi ya geti.

"Wamesema Jumanne," akaniambia.

"Si hawa wako ndani ya chumba chako?"

"Ndiyo maana siwezi kuwaharakisha, Mum."

Jumanne hawakuja. Walikuja Ijumaa, na binti yangu akawafungulia geti, akawauliza kama watakunywa chai.