Marehemu Aliyeninyima Faili

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, nilipata habari ya kifo cha fundi wa foni wa mtaa wa Kasungami katika kundi letu la simu, kundi la wapenda redio. Nasema kundi letu kwa kujipendekeza tu, kama mtakavyoona. Rambirambi zilimiminika, vijipicha vya mishumaa na mikono iliyokunjwa kwa sala, na kabla mwili haujatoka hospitali muungwana mmoja wa Golf, mtaa wa wenye pesa, mwenye antena ndefu kuliko mnara wa kanisa, akauliza kama kuna anayejua neno la siri la seva. Watu wakamkemea. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakauliza kama amejibiwa.

Kwa asiyejua, foni ni ile redio ambayo misheni, mashamba na zahanati hutumia kuzungumza kule ambako mtandao wa simu haujafika. Ukitaka kuiwekea masafa yake ya kuita, unaiunganisha na kompyuta yenye programu yake hasa, na programu za foni kuukuu zimekuwa adimu, kwa kuwa waliozitengeneza wamekwisha kuzisahau. Marehemu alizikusanya zote katika kompyuta moja isiyo na kifuniko aliyoiweka chumbani, ndiyo hiyo seva, na mkewe alikuwa akilalamika kwamba ameolewa na feni inayovuma. Kuingia humo kwa njia ya mtandao kulikuwa ruhusa ya wanachama tu. Nilipoomba kujiunga, fomu iliniuliza ninatunza foni ya nani. Nikajibu kwamba foni sina, ila moyo ninao. Alinikatalia kwa neno moja, nami nikapita mji mzima nikimwita Mtakatifu Petro wa Kasungami, mwenye funguo za mbingu na suruali isiyo na mkanda.

Sasa niungame. Binamu yangu ni mkunga katika zahanati moja upande wa Sakania. Mama akishindwa kujifungua, binamu huita kwa foni gari la misheni lije kumchukua. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtembelea, akaniambia kwamba foni inakoroma. Nilikuwa na kompyuta yangu, na programu niliyoichota kwenye seva kwa neno la siri la mwanachama mmoja mwenye huruma. Nikachukua faili la foni nyingine iliyofanana na ile, nikaliingiza bila kunakili kwanza yaliyokuwamo. Masafa yote yakafutika na foni ikanyamaza kabisa. Nikamwambia binamu kwamba ni hali ya hewa.

Wiki tatu nilihangaika kuomba faili la foni ile kwa kila mtu isipokuwa fundi, maana kwenda kwake kulikuwa kukiri. Hatimaye nikaenda na maneno matamu. Alinisikiliza huku akila mahindi ya kuchoma, asiniulize hata swali moja.

"Haiko fichier njo minakataa, yaya," akasema, yaya kwetu ni ndugu mkubwa na fichier ni faili. "Ni mukono yako. Uambie mukunga akuye na foni yake."

Binamu akaja, foni imefungwa ndani ya kitenge. Nakala ya masafa yake ilikuwa kwenye seva tangu zamani, kwa sababu marehemu alinakili kila foni iliyopita mikononi mwake kabla ya kuigusa, zahanati kwa zahanati, shamba kwa shamba. Nakala hizo ndizo alizozilinda vile. Programu zilikuwa jambo dogo. Wala hakumfanyia kazi. Alimketisha mbele ya kompyuta, akamfanya asome yaliyomo kwenye foni, anakili, ndipo aandike, mara tatu, mpaka mwenyewe akaita misheni na misheni ikaitika. Siku hiyohiyo akamwandika kuwa mwanachama. Mimi nilishika waya.

Tumekuwa watu wa ajabu mjini hapa. Tunaomba faili kabla ya kusalimia, tukilipata tunalisambaza kwa watu hamsini ambao hawakuliomba, na likiharibu kitu huko lilikofika hatupatikani kwa simu. Sisi waandishi wa magazeti ni vinara wa mchezo huo, msinifanye niseme zaidi. Marehemu alikuwa mkaidi, meza yake ilikuwa aibu, na mazungumzo yake juu ya nyaya yangemlaza askofu katikati ya misa. Lakini kila kilichotoka mkononi mwake alijua kinakwenda kwa nani. Namlilia, wala sioni haya kusema.

Kwenye kilio nilimkuta yule bwana wa Golf na wenzake wamemzunguka mjane kwa heshima nyingi mno. Mjane akawaambia kwamba neno la siri liko kwa mkunga wa upande wa Sakania. Mumewe alimkabidhi alipoanza kuugua. Wote wakahamia kwa binamu, viti vya plastiki mikononi. Akawaambia atawapokea mmoja mmoja, na kila mtu ataje foni anayoitunza. Nami nikajipanga, nikitegemea undugu. Akanivuta pembeni.

"Yaya, wakati ile foni ilinyamaza, tulipeleka mama moya na baiskeli mupaka ku misheni," akasema taratibu. "Yeye alipona. Mutoto hapana. Fundi alijua. Alinikatazaka nikuambie, alisema utakosa uso ya kufika kwake."

Nilitoka kwenye foleni. Kumbe miaka yote niliyokuwa nikimcheka mbele ya watu kwa uchoyo wake, alikuwa amenifichia jambo hili, na bado kila nilipofika alinivutia kiti. Basi mtu akikunyima kitu, kabla ya kumkasirikia muulize anahofia nani ataumia. Mimi nilikuwa na miaka ya kumuuliza, nikaitumia kutunga mizaha.