Nyimbo za Kijapani Hazikunivunja Mgongo

Wapendwa, mchungaji ameniita hapa mbele niwaeleze jinsi nilivyofunguliwa kutoka kwenye nyimbo za Kijapani. Nimekuja. Lakini nitasema yaliyotokea, na wengine wenu hamtayapenda.

Mimi ni Nekesa, msusi. Nusu ya vichwa vya akina mama humu ndani nimevisuka mimi. Kabla sijaugua nilikuwa nikisimama saluni, pale Busia, kutoka asubuhi hadi jioni, nikisuka huku nasikiliza muziki. Niliwapenda wasichana watano wa Korea. Walipotoa albamu yao ya kwanza ya Kijapani, binamu yangu wa upande wa Kenya aliniwekea nyimbo zote kwenye memori kadi. Wale wasichana si Wajapani. Lugha ile walijifunza, na ukisikiliza vizuri unasikia mahali ulimi unapojikwaa. Mimi nami nilijifunza kwao. Niliandika maneno kwenye daftari vile ninavyoyasikia, wimbo kwa wimbo, mpaka wateja wakawa wananiitikia kwenye kiitikio. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote.

Mgongo ulianza kuuma katikati, chini ya mabega. Nikadhani ni kusimama. Kwenye duka la dawa wakanipa vidonge vya maumivu, nikavimeza miezi mitatu. Nikakonda. Kila nikiamka shuka limelowa jasho. Kisha mfupa mmoja ukatokeza mgongoni, ukiguswa tu machozi yananitoka. Siku moja miguu iliniishia nguvu nikiwa nasuka, nikamwangukia mteja na kitana mkononi.

Shangazi yangu, dada ya baba, akanichukua kwake Masinya. Ni yule pale, safu ya pili. Alilipata daftari langu. Hakuelewa neno hata moja, na kwa kuwa hakuelewa, akaamua ni maneno ya mapepo. Akakuita wewe, mchungaji. Ulilifungua ukasema nimekula kiapo kwa miungu ya kigeni. Mkalichoma jikoni pamoja na ile kadi. Mkanipangia mfungo wa siku saba bila chakula, mimi niliyekuwa nimebaki mifupa. Wazee wawili wakanishika mikono nisimame kwa imani, halafu wakaniachia. Nilianguka kifudifudi. Jino hili lilivunjikia hapo. Mkasema bado kuna jambo sijaungama.

Baada ya hapo nikaanza kujikojolea bila kusikia. Nililala kwenye mkojo wangu nikiwaza: labda ni kweli, labda nimejiua mwenyewe kwa kuimba. Hilo linaniuma kuliko jino. Nilikuwa naugua, nanyi mkanifanya nijione mchawi.

Mama yangu anaishi kwao Rubongi tangu aachane na baba. Hakuna aliyemwambia. Ni mteja wangu mmoja aliyempigia simu. Alifika mchana, akafunua blanketi, akanitazama, akamgeukia shangazi.

"Mtoto hasikii miguu yake, na nyinyi mnachoma daftari?"

Shangazi akamwambia asubiri, zimebaki siku mbili za mfungo. Mama akaniinua. Alinibeba mgongoni kama mtoto mchanga, mwanamke mzima wa miaka ishirini na minne, mpaka barabarani, akatafuta gari la kutupeleka hospitali Tororo.

Daktari alikuwa mwanamke. Aligonga uti wa mgongo kwa kidole, akaagiza nipigwe picha, kisha akaja kukaa kitandani kwangu.

"Ni kifua kikuu," akasema. "Kimekula mifupa miwili ya mgongo."

Nikamwambia mimi sikohoi. Akanieleza kwamba ugonjwa huo huingia hata mifupani, na kwamba ningechelewa zaidi huenda nisingetembea tena. Nikamuuliza kama nyimbo zinaweza kuuleta.

"Hapana, dada. Nani alikuambia hivyo?"

Niliona aibu kuwataja. Leo sioni.

Nilimeza dawa mwaka mzima. Mkojo ulikuwa mwekundu, tumbo lilinichafuka, mkanda mgumu wa kushikilia mgongo ulinichubua mbavu. Hisia zilirudi kwanza kwenye kidole gumba cha mguu, kama sisimizi wanatembea. Binamu yangu akaniletea nyimbo zile upya. Nilijifunza kutembea nimeshika kitanda, nikiimba Kijapani changu kibovu, mama akiitikia kwa lafudhi ya Dhopadhola, lugha ya kwao, na wauguzi wakicheka hadi kujishika mbavu. Wakati huo wote hakuna hata mmoja wenu aliyekuja. Nilipopona ndipo mkasema ni yale maombi.

Namshukuru Mungu. Naye najua alifika kwangu kwa miguu ya mama yangu na kwa kidole cha yule daktari. Nyimbo sijaziacha, mchungaji, na sitaziacha. Shangazi, kuku uliyeniletea kuniomba radhi nilipopona, nilimla. Msamaha bado nautafuta, nikiupata nitakuletea mwenyewe.

Ninyi wengine, mgongo ukiuma wiki mbili, mwili ukikonda, jasho likilowesha shuka, nendeni hospitali. Dawa zile ni za bure. Ombeni njiani mkiwa mnakwenda.

Na wewe, Mama Auma, uliyekaa karibu na mlango. Binti yako ana uvimbe shingoni, na nimesikia amepangiwa siku za kufunga. Mpe chakula leo. Kesho nakwenda hospitali Tororo kupimwa tena mgongo, naye akapimwe hiyo shingo. Asubuhi nitapita kwako, nimkute ameshavaa viatu.