Paka Wangu Alitaifishwa

Msicheke. Mwaka 1975 paka wangu alitaifishwa.

Habari za benki kutaifishwa mmesoma shuleni, na za mashamba ya mkonge pia. Za paka wa Mwanabibi hamjasoma, kwa hiyo vuteni viti. Nikikosea herufi mnisamehe, simu hii nimenunuliwa na mjukuu na vidole vyangu ni vya chaki.

Nilikuwa mwalimu kijana, mtu wa Kilwa, nimepangiwa shule ya msingi kwenye kijiji cha ujamaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kupita Lipingo. Lori lilinishusha Mbinga, huko kwingine nikamalizia kwa miguu na mtumbwi. Nilikuwa na sanduku la bati, mkeka na kikapu.

Ndani ya kikapu alikuwemo Kidawa, paka wangu.

Kwetu Kilwa paka ni mtu wa nyumbani. Pale kijijini walikuwepo mbwa wa kuwindia tu, paka hakuna hata mmoja. Watu walikuja kumtazama Kidawa kama wanamtazama bibi harusi, na yeye kwa maringo yake akawageuzia mgongo.

"Mwalimu, huyu anafanya kazi gani?" aliniuliza Mama Luisa, mke wa mwenyekiti.

"Anakaa."

"Anakaa tu?"

"Anakaa, anakula, analala."

Mama Luisa akaguna. Enzi zile kukaa, kula na kulala bila kazi ilikuwa karibu na kosa la jinai.

Haukupita muda ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mahindi ya shamba la ujamaa yalikuwa yamejazwa kwenye ghala jipya la bati, na panya walikuwa wanayashambulia kama wamealikwa. Mwenyekiti, Mzee Tarsisi, akasimama na suti yake ya mikutano, ile anayoivaa hata jua likiwa la kuchemsha mayai.

"Ndugu wananchi, panya ni kupe! Ni mabepari wadogo! Wanakula jasho letu!"

Makofi.

"Sasa humu kijijini kuna nyenzo ya kupambana nao, na nyenzo hiyo imekaa nyumbani kwa mtu mmoja, inakula usipa na kulala. Je, huo ni ujamaa?"

"Siyo!"

Nikaanza kuangalia huku na huku nijue anasemwa nani. Wenzangu wote walikuwa wananiangalia mimi.

Mikono ikanyooshwa, azimio likapita. Kidawa akawa mali ya kijiji, kituo chake cha kazi ghalani.

"Na asipewe chakula," akaongeza mwenyekiti. "Akishiba atalala."

Hapo nikasimama. Nilikuwa na mdomo, sikatai.

"Mwenyekiti, paka akifungiwa chini ya bati hili bila maji hawindi, anakufa. Paka aliyeshiba ndiye anayewinda, maana anawinda kwa raha zake. Halafu ana mimba!"

"Basi na watoto watakuwa wa kijiji!" akadakia mtu huko nyuma, na mkutano mzima ukapiga makofi.

Jamani, nililia. Nilirudi nyumbani nikakikuta kikapu kitupu, nikalia kwa sauti.

Ghala lilikuwa na mlinzi mmoja, Mzee Hyasinti, Mmatengo aliyeteremka kutoka milimani huko juu. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Kesho yake nikamwendea na kifurushi cha usipa, vile visamaki vya ziwani vilivyokaushwa, na kibuyu cha maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuingia hakuna. Amri ya mwenyekiti."

"Siingii. Mpe tu hivi Kidawa, na maji umbadilishie kila siku. Nakuomba kama baba yangu."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakipokea.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila nikitoka darasani napitisha usipa. Kila nikiuliza, Mzee Hyasinti anajibu, "Ameshiba, mwanangu. Amenenepa." Na kweli, panya walianza kupungua. Mwenyekiti akatamba kwenye mikutano kwamba azimio limezaa matunda. Roho ikanitulia kidogo.

Kisha akaja bwana shamba.

Aliitwa Protasi, kijana kutoka mkoa mwingine, soksi ndefu, kalamu tatu mfukoni. Alikuja ofisini kwangu shuleni na mikebe miwili, akaniomba nafasi kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo akakaa nao mwenyewe.

"Ni nini?"

"Sumu ya panya. Nataka kuwamaliza kabisa waliobaki. Naitega kesho, ila usimwambie mtu. Wakijua ipo wataiiba wakaitumie kuvulia samaki. Anajua mwenyekiti tu, na sasa wewe."

Nikaruka kitini.

"Bwana Protasi, ghalani kuna paka. Panya akila sumu, paka akimla panya, paka naye kaisha!"

"Ongea na mwenyekiti," akasema, akaondoka na kalamu zake.

Nilifika kwa Mzee Tarsisi nikihema. Shikamoo nilimpa nikiwa bado njiani.

"Mwenyekiti, mtoe Kidawa ghalani. Leo hii."

"Mali ya kijiji haitolewi bila mkutano mkuu, Mwalimu. Ila usiwe na wasiwasi. Paka yuko salama."

"Salama vipi na sumu inategwa kesho?"

"Nakuambia yuko salama." Na hanitazami usoni.

"Sawa. Mlimfanya mfanyakazi wa kijiji, siyo? Mfanyakazi mwenye mimba ana likizo ya uzazi. Naidai hapa hapa!"

Akasema ana udhuru, akaingia ndani. Yaani kiongozi mzima, suti mwilini, ananikimbia mimi!

Damu ikachemka. Asubuhi yake nikachukua mkeka, nikautandika mlangoni mwa ghala, nikakaa.

Bwana shamba akaja na mkoba wake. "Mwalimu, nipishe."

"Sipishi. Ukitaka kuingia, nikanyage."

Mzee Hyasinti akauliza kwani kuna nini. Bwana Protasi akamjibu kwa mkato kwamba anakuja kukagua. Mimi ulimi ulikuwa unaniwasha, lakini siri ya ofisi ni siri ya ofisi, nikanyamaza. Watu wakaanza kujaa. Wengine walinionea huruma, wengine walikuja na mihogo ya kutafuna wakitazama. Mwenyekiti alikuja, akanibembeleza, akanitisha na barua ya wilayani, nami nikamwambia aiandike kwa mwandiko mzuri.

Jua likapanda. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka.

Ghafla Mama Luisa akapenya katikati ya watu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, inuka hapo unajitesa bure. Paka wako amejifungua nyumbani kwangu, juu ya suti ya huyu baba. Watoto wanne."

Halafu kicheko, ambacho nadhani kilisikika mpaka Kihagara.

Ndipo nikamwona Mzee Tarsisi vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa na shati tu.

"Alikuja mwenyewe," akasema, sauti imekuwa ndogo. "Siku ya kwanza tu alitokea kwenye uwazi wa paa, akaja kukaa miguuni pangu. Ningesema nini? Mngesema mwenyekiti amejimilikisha mali ya umma."

"Na maziwa anampa!" akaongeza mkewe. "Mimi sijapewa maziwa tangu arusi."

Nilikuwa sijui nicheke, nilie au nimrukie. Lakini bwana Protasi alikuwa amekunja uso.

"Ngoja kwanza. Kama paka hakuwemo ghalani, panya walipunguzwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia mwenye ufunguo.

Mzee Hyasinti akakuna kichwa.

"Mwanangu Mwalimu, nisamehe. Paka alinitoroka siku ile ile, nikaogopa kuambiwa nimepoteza mali ya kijiji. Wewe ukawa unaleta usipa. Nikaufanya chambo. Natega jiwe bapa na kijiti, panya akigusa usipa, kwisha."

"Na panya unawapeleka wapi?"

"Nawala."

Mimi mtu wa Kilwa nikaziba mdomo, lakini wenyeji hata hawakushtuka. Panya kwao ni kitoweo, tena hawa walikuwa wamenonea mahindi.

"Kila siku?" Bwana Protasi aliuliza.

"Kila siku. Nilifanya siri kwa sababu wamekula mahindi ya kijiji, nikaona huenda na wao ni mali ya kijiji. Leo tu ndiyo sijala, huyu Mwalimu kaziba mlango."

Bwana shamba akafungua mkoba taratibu. Akatoa ule mkebe, akauweka chini mbele ya watu wote, na fuvu la kichwa limechorwa ubavuni.

Hakuna aliyecheka tena.

Mzee Hyasinti aliutazama mkebe, akanitazama mimi, akakaa kwenye mkeka wangu. Akanishika mkono. Nilijua sumu ipo tangu jana yake, na nilikuwa nimenyamaza, nikimpigania paka ambaye wakati huo alikuwa analamba watoto wake kwenye suti.

Kidawa alirudishwa kwangu kwa azimio jingine, makofi vilevile. Mikebe ikarudi ilikotoka. Mwenyekiti alikuja kwa adabu kuomba mtoto mmoja wa paka, nikampa, nikijua huko maziwa hayatakosekana.

Wajukuu zangu wa mtandaoni, mnyama wa ndani mpe maji, mlishe, na ujue kwa macho yako analala wapi. Usiridhike na "ameshiba". Na siku ukitaka kutega sumu, usimfiche mtu yeyote. Watangazie wote, mpaka yule unayedhani hahusiki, kwa sababu hujui nani anakula nini kwa siri.