Maji ya Mvua ya Kwanza

Nichekeni tu, hata mimi nimejicheka miaka mingi, kwa sababu mtu mzima aliyezaliwa Kakamega, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, alikuja kuaibishwa na maji ya mvua hapa mtaa wa Jamhuri, tena mbele ya baba mkwe.

Nilikuwa karani mjini, mwenye tai moja na maringo ya watu kumi. Mfereji wa nyumbani ulikuwa umekauka wiki nzima, na Jumapili hiyo baba yake mchumba wangu Mwende alikuwa anatoka Kitui kuja kuona kama mimi ni mtu wa kupewa binti. Basi nikapinda bati, nikalifunga ukingoni mwa paa, nikaweka pipa chini, na Jumamosi mvua ikanyesha baada ya kiangazi kirefu, pipa likajaa, nikajiona mhandisi.

Jirani yangu Mama Mutua akaniita kutoka mlangoni kwake: "Wafula, hiyo mwaga! Mvua ya kwanza ni ya kuosha mabati."

"Mama, kwetu mvua tunaijua," nikamjibu. (Tunaijua! Kwetu tulichota kwenye chemchemi na paa lilikuwa la nyasi. Maji ya bati sikuwa nimewahi kuyanywa maishani.)

Mzee akafika na suti yake, Mwende nyuma yake, majirani wakichungulia, akaomba maji. Mjinga mwenye haya angechemsha chai, afiche makosa yake kwenye majani, mimi nikayaleta maji yenyewe kwenye glasi, nikasema kwa sauti Mama Mutua asikie, "Ya mvua hayo, mzee!" Akaiinua glasi kwenye mwanga wa mlangoni. Maji yalikuwa ya kahawia, juu unaelea unyoya wa njiwa, na chini kimetulia kile ambacho njiwa huacha akishashiba.

"Hii ni mvua ya ngapi?"

"Ya kwanza, mzee," nikajibu kwa fahari.

Akatoka nje, akavua koti, akampa Mama Mutua alishike (mimi hata hakunitazama), akalipindua pipa lote uani, matope yakaruka hadi kwenye suruali yangu mpya, na majirani wakaangua kicheko.

"Mwende," akasema, "huyu mfundishe maji kwanza, halafu ndio muoane."

Mwende akanifundisha, tukaoana, na tangu hapo nikiambiwa mwaga, namwaga kwanza, maswali baadaye. Lakini mzee kila alipotutembelea alikuja na maji yake kwenye chupa, hata chai hakuonja. Nilimzika mkwe ambaye hakuwahi kumeza hata tone nyumbani kwangu.