Duruwati ya Mzee Nestori

Kwenye ghala la Okolona, Louisville, Donati alisifika kwa kurudisha folklifti nyuma bila kugusa boksi hata moja. Jumamosi hiyo, mji wa Columbus ulimvua sifa zote.

Alikuwa njiani kurudi kutoka Buffalo, alikokwenda kumchukua baba yake, Mzee Nestori. Kule Louisville, dada yake Marita alishavaa shela. Bila baba wa kumkabidhi, haingii kanisani. Na padri alishasema, saa nane anaondoka. Gari nalo Donati alikuwa amelinunua Grant Street, hukohuko Buffalo, kwa Polycarpe, Mkongomani aliyelitoa Kanada, na kioo chake cha ramani kilikuja na mdomo wa Kifaransa.

"Continuez tout droit," kioo kikasema.

"Kulia!" Mzee akang'aka. "Amesema duruwati. Mimi nimesoma Kifaransa Burundi hadi darasa la pili. Wewe umezaliwa kambini Tanzania, utajua nini?"

Donati akakata kulia. Na tena kulia. Walipopita duka lilelile la matairi mara ya tatu, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akabonyezabonyeza kioo kutafuta Kiingereza, kikagoma. Akaegesha, akampigia Polycarpe.

"Bon, umesimamisha motokari? Ikitembea, inakatalaka kugeuza luga. Finya Réglages, ile ya mipangilio, donc, kisha Langue, ni luga."

"Lidude lako linasema duruwati, duruwati, tunazunguka kama kuku mwenye kizunguzungu!"

"Tout droit? Weye! Ile ni mbele moja kwa moja! Kulia ni à droite. Nani alikutafsiria?"

Donati akatazama kiti cha nyuma. Mzee alikuwa ameshughulika sana na tai yake.

Akachagua Kiingereza. Kioo kikapiga hesabu upya: kufika, saa nane kasoro dakika nne.

Marita akapiga simu. "Kaka, padri anatazama saa."

"Mshike kanzu!"

Kwa saa tatu nzima Donati aliendesha jicho moja likiwa kwenye kioo. Kasoro nne ikawa kasoro tatu, ikawa kasoro mbili. Mzee alibanwa na haja tangu Cincinnati, lakini kwa dhambi yake ya Columbus, angeanzaje kuomba wasimame?

Walipofika kanisani, padri alikuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, Marita kando yake. Sandrine, mpokea wageni, akawapungia kuelekea altare: "Papa, tout droit!"

Mzee akasita. Jicho likamkimbilia kulia, kwenye mlango wa choo.

"Moja kwa moja, baba," Donati akanong'ona.

"Najua," akasema Mzee, akiukamata mkono wa Marita. "Mimi ndiye niliyesoma."